Anthony Eden: Nyongo, vidonge na vita vilivyommaliza

Taja jina Anthony Eden kwa vijana wa Nairobi na kuna mmoja lazima atakuuliza anachezea timu gani. Sikulaumu. Shuleni tulimpita haraka sana. Lakini huyu ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza siku Dedan Kimathi alipopigwa risasi na kukamatwa karibu na Nyeri, tarehe 21 Oktoba 1956. Akiwa madarakani, Wakenya kwa maelfu walikuwa kambini, nyuma ya seng'enge.

Kesho yake, wakati habari za Kimathi bado ni moto, watu wa Eden, Wafaransa na Waisraeli walianza kikao cha siri nje kidogo ya Paris kupanga vita dhidi ya Misri. Vita hivyo vilimtoa ofisini ndani ya miezi mitatu.

Sasa, leo sikuletei siasa tupu. Nakuletea nyongo. Ndiyo, nyongo ya tumboni. Maana ukisoma maisha ya Eden bila nyongo yake, unasoma nusu.

Na kuna sababu nyingine. Siku hizi watu wengi hapa mjini wanatolewa nyongo kwa matundu madogo, ule upasuaji wa kamera, na wanarudi nyumbani kesho yake. Kila mmoja ana maswali mawili. La kwanza: itauma? La pili: nitarudi kazini lini? Hilo la pili ndilo lililomponza Eden. Kaa hapo nikueleze.

Kijana wa familia kubwa

Eden alizaliwa tarehe 12 Juni 1897, kaskazini mwa Uingereza, kwenye jumba la ukoo liitwalo Windlestone. Baba yake alikuwa bwana mwenye cheo na hasira za kutisha. Pesa ilikuwepo, amani haikuwepo sana.

Alisoma Eton, shule ya watoto wa wakubwa. Kisha Vita vya Kwanza vya Dunia vikaanza na ujana ukaishia hapo. Kaka yake mkubwa, John, aliuawa mwaka 1914. Mdogo wake, Nicholas, aliuawa baharini mwaka 1916 kwenye mapigano ya Jutland. Alikuwa na miaka 16. Fikiria mdogo wako wa Form Two akiwa kwenye meli ya kivita.

Eden mwenyewe alipigana Ufaransa na Ubelgiji, akapewa nishani ya ushujaa mwaka 1917. Wanajeshi wa kizazi chake walifundishwa jambo moja kuhusu maumivu: nyamaza, endelea.

Baada ya vita alienda Oxford kusoma Kiajemi na Kiarabu, na akapita vizuri kabisa. Ndiyo, mtu aliyekuja kuwapiga mabomu Wamisri alikijua Kiarabu. Mwaka 1923 aliingia bungeni. Mwaka 1935, akiwa na miaka 38, akawa Waziri wa Mambo ya Nje. Alikuwa mtanashati, suti imekaa, masharubu yamenyooshwa. Kofia aliyopenda kuvaa iliitwa kwa jina lake na mafundi wa London.

Huku kwetu Afrika Mashariki, jirani zetu wa Ethiopia walikuwa wamevamiwa na Mussolini mwaka huohuo wa 1935. Eden alikuwa mmoja wa waliotaka Italia ibanwe. Februari 1938 alijiuzulu kwa sababu Waziri Mkuu wake, Chamberlain, alitaka kumbembeleza Mussolini. Kwa hilo aliheshimika sana. Weka hiyo akilini, maana ndiyo ilimrudia vibaya mbele.

Churchill alimrudisha wizarani mwaka 1940. Wote wakajua: mzee akitoka, Eden anaingia. Ila mzee hakutoka. Eden alisubiri, na kusubiri, na kusubiri. Mwaka 1945 kidonda cha tumbo kilimlaza, na kipindi hichohicho mwanawe Simon akauawa Burma. Ndoa yake ikavunjika, akaoa tena mwaka 1952. Mke mpya, Clarissa, alikuwa mtoto wa kaka yake Churchill.

Aprili 1953

Kabla sijaendelea, elewa kitu kimoja kuhusu mwili wako. Nyongo ni maji ya kijani-manjano yanayotengenezwa na ini kusaidia kusaga mafuta. Chini ya ini, upande wa kulia, kuna kimfuko kidogo chenye umbo la pera kinachoyahifadhi. Ukila chipsi au nyama choma, kimfuko kinajikamua, na nyongo inateremka kwa mrija mwembamba hadi utumbo.

Wakati mwingine ndani ya kimfuko hicho vinajiunda vijiwe. Kijiwe kikiziba njia, unapata maumivu makali upande wa kulia juu ya tumbo, yanayoweza kupanda hadi mgongoni au begani. Mara nyingi yanakuja baada ya mlo wa mafuta, au usiku wa manane. Dawa yake ya kudumu ni kukitoa kimfuko. Unaweza kuishi bila hicho, sawa kabisa. Mrija wa nyongo ndio huwezi kuishi bila huo.

Eden alikuwa na vijiwe. Tarehe 12 Aprili 1953 alilazwa kwenye meza ya upasuaji London. Siku hizo hakuna kamera. Tumbo lilipasuliwa wazi, mkato mrefu chini ya mbavu. Inasimuliwa kwamba Churchill alimkumbusha daktari mara nyingi jinsi mgonjwa huyu alivyo muhimu kwa taifa, hadi daktari akaingiwa na wasiwasi na upasuaji ukachelewa. Fikiria bosi wa nchi anakupumulia shingoni na wewe umeshika kisu.

Mrija wa nyongo ulijeruhiwa.

Nyongo ikaanza kuvuja mahali isipotakiwa. Eden akawa manjano, homa ikapanda. Mwisho wa mwezi huo akafunguliwa tumbo mara ya pili na karibu afe. Juni 1953 akapelekwa Boston, Marekani, kwa Dakta Richard Cattell, mmoja wa mabingwa wa kurekebisha mirija hiyo. Cattell alimwokoa. Lakini mrija uliorekebishwa haukuwa tena mrija wa Mungu. Kovu linaweza kuubana, nyongo inatuama, vijidudu vinaingia, na homa ya kutetemeka inarudi bila kubisha hodi.

Sasa angalia bahati. Tarehe 23 Juni 1953, Eden akiwa bado anauguza kidonda Boston, Churchill alipatwa na kiharusi. Nafasi aliyoisubiri zaidi ya miaka kumi ilifunguka, naye yuko kitandani ng'ambo ya bahari. Churchill akapona kiasi cha kuendelea. Eden alingoja karibu miaka miwili mingine.

Vidonge vya kuamkia, vidonge vya kulalia

Aliingia Downing Street tarehe 6 Aprili 1955. Miaka 57, bado mtanashati, watu wanampenda. Mei akashinda uchaguzi. Kwa nje, poa kabisa.

Kwa ndani, alikuwa mgonjwa wa vipindi. Maumivu yakija, kulikuwa na pethidini, dawa kali ya jamii ya mofini. Usiku kulikuwa na babitureti za kumpa usingizi. Asubuhi, kwa kuwa dawa za usiku zinamwacha mzito, kulikuwa na amfetamini za kumwamsha. Dawa moja aliyotumia, Drinamyl, ilichanganya vyote viwili kwenye kidonge kimoja: cha kukuinua na cha kukutuliza. Miaka michache baadaye vijana wa vilabu vya London walikuwa wanaitafuta hiyohiyo ili wacheze muziki hadi kuche.

Usinielewe vibaya. Hakuwa mtu wa kujidunga vichochoroni. Alipewa na madaktari, na enzi hizo hata madaktari hawakujua vizuri dawa hizo zinavyokoroga akili: kukosa usingizi, hasira za ghafla, kujiamini kupita kiasi, kisha kuporomoka. Shida ni lengo. Vidonge hivi havikumsaidia kupumzika apone. Vilimsaidia kurudi mezani kesho asubuhi.

Na meza yenyewe ilikuwa imejaa. Moja ya faili zake ilikuwa sisi. Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari tangu Oktoba 1952. Mimi naishi SQ hapa Spring Valley, kati ya miti na mageti marefu. Enzi za Eden mitaa hii ya magharibi ilikuwa ya Wazungu. Mwafrika aliyekuwa huku alikuwa huku kufanya kazi, na kama ni Mkikuyu, Mmeru au Muembu, alitembea na karatasi za kuonyesha kwa nini yuko huku. Amri zilizoendesha maisha hayo ziliishia mezani kwa serikali ya bwana huyu. Kwa hivyo afya ya kiongozi si umbea, manze. Mwenye kalamu akiwa na homa, wa mbali ndiye anatetemeka.

Suez

Tarehe 26 Julai 1956, Gamal Abdel Nasser wa Misri alitangaza kwamba Mfereji wa Suez sasa ni mali ya Wamisri. Huku Afrika Mashariki wengi walifurahi kimyakimya. Radio Cairo ilikuwa inatangaza kwa Kiswahili, ikiwaunga mkono waliopigania uhuru wa Kenya.

Eden alipandwa na moto. Akamwona Nasser kama Mussolini mpya. Kumbuka alivyojiuzulu 1938: kwake yeye, kumwachia Nasser ilikuwa kurudia kosa la Chamberlain.

Tarehe 5 Oktoba 1956 alienda hospitali kumwona mke wake aliyekuwa amelazwa. Homa ikampiga palepale, karibu nyuzi 41. Aliyekuja kutazama mgonjwa akawa mgonjwa, akalazwa siku chache. Kisha akatoka, akarudi kazini.

Siku tisa tu baada ya homa hiyo, tarehe 14 Oktoba, wajumbe wa Ufaransa walimletea mpango: Israeli iishambulie Misri, halafu Uingereza na Ufaransa zijifanye zinaingia kuamulia ugomvi, kumbe zinauchukua mfereji. Eden akakubali. Mkataba ukatiwa saini kwa siri tarehe 24 Oktoba huko Sèvres, na yeye akaamuru nakala ziharibiwe. Tarehe 29 Israeli ikashambulia. Siku mbili baadaye mabomu ya Waingereza na Wafaransa yakaanza kuanguka. Tarehe 6 Novemba vita vikasimamishwa, kwa sababu Marekani iligoma kuinusuru pauni iliyokuwa inaporomoka, na karibu dunia nzima ilikuwa imepinga.

Mfereji wenyewe ukafungwa kwa meli zilizozamishwa, ukabaki hivyo hadi mwaka uliofuata. Meli za Ulaya zinazoleta mizigo Mombasa zikawa zinazunguka Afrika Kusini.

Je, vidonge ndivyo vilivyopigana Suez? Hapo wanahistoria hawaelewani. Wapo wanaosema hata akiwa mzima kama nyati angefanya vilevile, maana chuki yake kwa Nasser ilikuwa ya siasa. Wapo wanaosema mtu aliyelala saa chache, amejaa dawa za kuinua na kushusha, hapimi hatari sawasawa. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na sitawaamulia maprofesa. Ninachoona ni hiki: mwili wake ulipiga kengele tarehe 5 Oktoba, na hakuna aliyemwambia akae chini mwezi mmoja. Au kama yupo, hakusikilizwa.

Tarehe 23 Novemba alipanda ndege kwenda Jamaica kupumzika, nchi ikiwa bado inaungua. Aliporudi mambo yalikuwa yameisha. Bungeni alikana kujua mapema kwamba Israeli ingeshambulia. Haikuwa kweli. Tarehe 9 Januari 1957 alijiuzulu, madaktari wake wakithibitisha kwamba afya haimruhusu kuendelea.

Kama ingekuwa leo

Eden hakuishi kuona matundu madogo. Tarehe 12 Septemba 1985, miaka minane baada ya kifo chake, daktari Mjerumani Erich Mühe alitoa nyongo kwa njia hiyo katika mji wa Böblingen. Wenzake walimdharau kwanza. Mwaka 1987 Philippe Mouret wa Lyon, Ufaransa, akafanya kwa kamera, na miaka ya 1990 njia hiyo ikaenea duniani kote.

Sasa hivi mara nyingi ni vitundu vinne, vingi havizidi upana wa kucha yako. Tumbo linajazwa gesi ya kaboni dioksaidi ili daktari apate nafasi ya kuona. Na hapo ndipo watu hushtuka: wanaamka na bega linauma kuliko tumbo! Wanadhani wamelazwa vibaya. Hapana. Gesi iliyobaki inasumbua kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua, na mshipa wa fahamu wa kiwambo unatoka shingoni pamoja na wa bega. Ubongo unachanganyikiwa. Kwa kawaida inaisha ndani ya siku chache.

Kupunguza maumivu kunaanza kabla hujaamka. Daktari anaweza kutumia gesi ya shinikizo dogo, akaikamua vizuri mwishoni, na kudunga dawa ya ganzi kwenye vidonda. Uliza mapema, ni haki yako. Ukiamka, msingi ni parasetamoli pamoja na dawa ya jamii ya ibuprofeni, kama figo na tumbo lako vinaruhusu, kwa saa zilizopangwa. Usingoje maumivu yapande ndipo uyafukuze. Dawa kali kama tramadoli ni za akiba, za siku chache, na kwa maandishi ya daktari tu.

Angalia pia usimeze kitu kimoja kwa majina mawili. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani. Kwa mtu mzima, vidonge vinane vya miligramu 500 kwa saa 24 ndiyo mwisho, na mwenye shida ya ini apewe kiwango chake na daktari.

Mengine hayanunuliwi. Amka utembee taratibu siku ileile ukiruhusiwa. Ukikohoa au kucheka, shikilia mto tumboni. Kunywa maji, kwa sababu dawa kali zinafunga choo, na kujikamua chooni kunauma. Usibebe mtungi wa gesi wala mkoba wa laptopu mzito wiki za kwanza.

Na sasa lile la Eden. Maumivu ya kawaida yanapungua kila siku. Yakipanda badala ya kushuka, au yakija na homa, kutetemeka, kutapika, macho ya manjano, mkojo wa rangi ya chai au choo cheupe, usiongeze kidonge. Rudi hospitali, siku hiyohiyo. Inaweza kuwa mrija umejeruhiwa au kijiwe kimebaki njiani. Ni nadra, lakini hata kwa kamera hutokea, na wanaowahi hutibiwa vizuri zaidi.

Najua hasira za Nairobi. Kodi haijui umetolewa nyongo. Jamaa anapasuliwa Jumatatu, Alhamisi yuko juu ya bodaboda, amemeza dawa mbili mbili ili asisikie. Dawa ya maumivu imewekwa ili upumue vizuri, ulale, utembee, upone. Ukiigeuza kuwa ya kukurudisha kazini kabla ya mwili kukubali, umefanya kama Waziri Mkuu, na yeye alikuwa na madaktari wa kumfuata kila mahali.

Miaka ya mwisho

Eden alipasuliwa tena Boston mwaka 1957, na tena mwaka 1970. Nyongo ile ya Aprili 1953 ilimfuata maisha yake yote. Alipewa cheo cha Lord Avon mwaka 1961, akaandika kumbukumbu zake, akafuga ng'ombe. Mrithi wake, Macmillan, alilazimika kukubali kwamba Afrika inaondoka mikononi mwao. Kimathi alinyongwa Kamiti Februari 1957, mwezi mmoja tu baada ya Eden kutoka. Kenya ikapata uhuru Desemba 1963, na Eden alikuwepo kuiona ikiondoka.

Mwisho wa 1976 saratani ilimzidia akiwa Marekani, akarudishwa nyumbani kwa ndege ya jeshi. Alifariki tarehe 14 Januari 1977, akiwa na miaka 79. Ukienda kwenye orodha za Mawaziri Wakuu wa Uingereza, mara nyingi utamkuta karibu na mkia, miaka yote ya kazi nzuri imefunikwa na wiki chache za 1956.

Kwa hivyo ukiwa na mtu wako wodini wiki hii, usimuulize anarudi kazini lini. Muulize kama jana iliuma kuliko leo. Akisema leo inauma zaidi, mwite nesi.